Pembe Zilizofukiwa: Nafsi na Hasira ya Salim

Riwaya ya V. S. Naipaul, A Bend in the River (1979), imehakikiwa sana kama hukumu juu ya Afrika huru, na wengi walioilalamikia kwa sababu hiyo wana haki yao. Mji wake hautajwi jina, lakini kwa kawaida hutambuliwa kuwa ni Kisangani. Hapa tunauliza swali dogo zaidi: ni kitu gani hasa kinachomtibua Salim, msimulizi wake?

Salim ana jibu tayari: ni mji, ni msitu, ni utawala wa yule Mkubwa. Jibu hilo tusilipokee upesi. Salim ametoka pwani ya mashariki, katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kihindi uliokuwa na watumwa nyumbani. Mapema kabisa anasimulia kwamba babu yake aliwahi kusafirisha shehena ya watumwa kwa kusingizia kuwa ni mpira. Babu hakuonyesha majuto. Mjukuu naye anaitaja habari hiyo kama kioja cha kale, akaendelea na mengine.

Mwanasaikolojia Jung aliiita kivuli ile sehemu ya nafsi ambayo mwenyewe hataki kuitazama. Dalili yake mojawapo ni hasira isiyolingana na kisa kilichoizusha. Kwa Salim dalili hiyo inajirudia, na kila mara mbele ya mtu ambaye alidhani yu chini ya himaya yake. Ali, kijana wa kizazi cha watumwa wa ukoo huo, analetwa kwake baada ya machafuko ya pwani. Mjini anaitwa Metty, jina litokanalo na neno la Kifaransa lenye maana ya chotara. Salim anapogundua kwamba Metty ana mtoto aliyemficha, habari hiyo inamchoma kuliko inavyostahili. Kumbe mtumishi ana maisha yake! Kisha yuko Yvette, mke wa msomi Raymond, ambaye Salim anampiga na kumtemea mate. Maelezo yote anayotoa hayatoshi kueleza ukali wa kipigo kile. Mkono ule, kwa maoni yetu, ni mkono wa bwana aliyeona mali yake ikijiendea.

Msomaji wa Kisangani husikia hapa jambo ambalo Salim halisikii. Kiswahili kilifika Maporomoko ya Stanley pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa huko kwa niaba ya Leopold II. Salim, basi, hakuja ugenini. Amefuata njia ya biashara ya watu wa pwani yake, na mwishowe yeye mwenyewe anafanya magendo ya pembe za ndovu, akizifukia uani. Anayemfichua kwa polisi ni Metty, baada ya kunyimwa fedha alizoomba.

Tunamlaumu Naipaul kwa jambo moja. Ushahidi wote ameuweka mezani, kisha akamwachia Salim aendelee kuilaumu nchi. Ardhi imechimbwa, pembe zimeonekana. Hapo ndipo hadithi ya babu ilipostahili kurudi. Salim anapanda meli, na Metty, aliyemsihi, anabaki.