Usiku wa Arusi katika Picha ya Sam Ntiro

Mhubiri aonaye giza katika picha huwa mwepesi wa kusema: hapa pana dhambi. Kosa hilo tulilitenda sisi wenyewe hapa Mkwajuni, tulipoitazama nakala ya picha ya Sam Joseph Ntiro ya mwaka 1956, ihusuyo wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Asili yake imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mmoja wetu alianza na Nikodemo, mwingine akamtaja Yuda akitoka chumbani. Kabla hatujaitazama picha sawasawa tulikwisha kuwa na mafundisho mawili juu ya giza. Pombe ikaleta la tatu.

Twakiri kwamba tulijisoma wenyewe, hatukuisoma picha. Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, miaka 30 baada ya wamisionari wa Leipzig kufika huko. Alisoma Makerere, kisha Slade, London. Sisi tunaoishi katika nchi ya joto, kati ya wachimba dhahabu, hatuna vihamba. Kwa Mchaga kihamba ni chakula, makao na urithi wa mababu. Mgomba, basi, si pambo la mandhari. Na mbege, itengenezwayo kwa ndizi na ulezi, katika mambo ya arusi ni neno ambalo ukoo mmoja huuambia mwingine. Usiku wa namna hiyo una furaha yenye adabu. Ajabu ni kwamba Mathayo 25 nayo yasimulia usiku wa arusi, nasi hatukuikumbuka.

Wako wanaomlaumu Ntiro kwamba watu wake hufanana mno, na nyuso zao hazisemi kitu. Hatuikatai lawama hiyo yote. Lakini Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo mafungamano ambayo kanisa lingejengwa juu yake. Na kwa jicho hilo, kufanana kwao ni sura ya umoja, si upungufu wa mkono wa mchoraji.

Hata hivyo Gutmann hatufikishi mwisho wa njia. Jina la picha lamtaja bibi arusi kama mpokeaji tu. Safari ni ya wanaume. Tulibishana jioni nzima juu ya giza na pombe, wala hakuna kati yetu aliyeuliza yeye anangoja kwa moyo gani.