Hataza ya Howe: tundu, kitanzi na sindano iliyopinda

Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha, si upande wa juu kama ya kushonea kwa mkono. Wengi humsifu Elias Howe wa Marekani kwa tundu hilo. Lakini katika madai matano ya hataza yake namba 4,750, ya tarehe 10 Septemba 1846, hakuna hata moja linalodai tundu peke yake. Asingeweza: Waingereza Fisher na Gibbons walikwisha kulitumia mwaka 1844 katika mashine ya kutarizi.

Dai la kwanza ndilo lenye uzito. Linahusu mpangilio: sindano iliyopinda, iliyofungwa kwenye mkono unaokwenda na kurudi, inapenyeza uzi, kati ya uzi na mpindo wa sindano inabaki nafasi, yaani kitanzi, na chombo chenye bobini kinapita ndani yake na uzi wa pili. Nyuzi zinakabana katikati ya kitambaa, hivyo ukikata mmoja mshono haufumuki wote.

Tatizo ni kwamba Walter Hunt wa New York alikwisha kuunda mashine ya namna hiyo kati ya 1832 na 1834, sindano iliyopinda ikiwemo. Ukilinganisha chuma kwa chuma, naona dai la kwanza lote limo humo. Hunt hakuiombea hataza mpaka 1853. Ofisi ya hataza ilikiri kwamba yeye ndiye wa kwanza, ila ikamnyima kwa kuchelewa. Howe aliokolewa na kalenda, si na ufundi.

Isaac Singer, mtengenezaji mwingine wa cherehani aliyepata hataza yake 1851, alikuwa na hoja nyingine dhidi ya madai ya Howe, nami naiona nzito: sindano yake ilikuwa imenyooka, ikishuka na kupanda wima. Kitambaa kililala mezani na kusogezwa na gurudumu bila kusimama. Kwa Howe, dai la tano, kitambaa kilining'inizwa kwenye bamba lenye pini. Bamba likifika mwisho, fundi alisimamisha kazi akakipachika upya.

Hata hivyo kitanzi na chombo cha bobini vilikuwa vilevile, na hapo ndipo Singer alipobanwa. Mwaka 1854 alikubali kumlipa Howe dola 15,000, na kuanzia 1856 watengenezaji wakubwa waliunganisha hataza zao, Howe akiwa na fungu lake.