Shika Adabu na Kamusi za Kompyuta: Uhakiki wa Kanuni za Kutafuta Neno

Utangulizi

Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika bara ya kusini ya Mombasa, ipo kata iitwayo Shika Adabu. Jina hili ni sentensi kamili: kitenzi katika hali ya amri, kikifuatwa na nomino yenye asili ya Kiarabu. Kwa mtaalamu wa kamusi, jina la namna hii ni mtihani mdogo lakini wenye faida, kwa kuwa linadai mambo matatu kwa pamoja: kitenzi kitambuliwe, nomino ipatikane, na maana ya hayo mawili yakiandamana ifafanuliwe. Makala haya yanatumia mtihani huo kuzihakiki programu za kompyuta zinazotumika kutafutia maneno ya kamusi. Dai lake ni kwamba kanuni ya kutafuta ni nadharia juu ya umbo la neno, na kwamba nadharia iliyomo katika programu nyingi haikutokana na lugha za Kibantu.

Umbo la programu hizi

Programu zinazozungumziwa hapa ni zile zinazowekwa ndani ya kompyuta na kuendeshwa kwa dirisha na kipanya, kama vile StarDict na GoldenDict. Mpangilio wake haupitani sana. Juu kuna kisanduku cha kuandikia neno. Pembeni kuna orodha ya vidahizo vinavyokaribiana na neno hilo. Na sehemu iliyobaki hujazwa maelezo. Programu yenyewe haina maneno. Msomaji huipatia faili za kamusi, na inaweza kuzifungua nyingi kwa wakati mmoja.

Faida ya mpango huo haifai kudharauliwa. Kamusi tatu au nne zinaweza kulinganishwa kwa mara moja, kazi ambayo kwa vitabu ingehitaji meza pana na muda mrefu. Kwa wakazi wa Likoni, ambako Kidigo na Kiswahili husikika katika nyumba moja, ingewezekana faili ya Kidigo ikae sambamba na ya Kiswahili. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004, ni ushahidi kwamba maandalizi ya kitaalamu kwa kazi hiyo yapo.

Kasoro inaanza pale neno linapotafutwa. Mwaka 1997 ulichapishwa utaratibu maalumu wa kompyuta kuulizana maneno ya kamusi, na programu kadhaa za aina hii zinaufuata. Utaratibu huo ulieleza njia mbili za msingi za kulinganisha: ama kidahizo kilingane kabisa na kilichoandikwa, ama kidahizo kianze na herufi zilizoandikwa. Njia ya pili inaitegemea lugha ambayo mwanzo wa neno hautikisiki na mabadiliko hutokea mwishoni. Kiingereza kinakaribia hali hiyo. Kiswahili kinaendesha mambo yake kwa kinyume, kwani mwanzo wa neno ndio unaobeba upatanisho, wakati na ukanushi.

Amri na masimulizi

Msomaji akiandika *shika*, atajibiwa bila taabu. Akiandika *adabu*, kadhalika. Lakini ufanisi huu unatokana na sadfa ya kisarufi: amri ya umoja ndiyo umbo lile lile ambalo watunga kamusi wamelichagua kuwa kidahizo cha kitenzi. Jina la kata limepata bahati ya kuwa amri. Pindi amri inapogeuka kuwa habari, programu inanyamaza. *Hawakushika adabu*, *asiposhika adabu*, *wameshikishwa adabu*: katika yote hayo mzizi ni ule ule, wala hakuna mzungumzaji hata mmoja atakayeona ugumu. Ama programu, kila herufi inapoongezwa katika *hawakushika*, kwanza huorodhesha *hawa*, *hawala* na *hawara*, kisha orodha inakwisha na kisanduku kinabaki kitupu.

Huenda ikatolewa hoja kwamba hata kamusi ya karatasi inamdai msomaji apangue viambishi mwenyewe. Hoja hii ina ukweli. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, inaorodhesha nomino kwa umoja na kuonyesha wingi na upatanisho wa kisarufi pembeni. Anayetaka *nyuso* hana budi kujua aanzie *uso*. Hata hivyo hali hizo mbili hazilingani. Kitabu hakijidai kufanya kazi ya msomaji. Programu inajidai. GoldenDict ina uwezo wa kusoma neno lolote ambalo kishale kimewekwa juu yake katika maandishi, na kuleta maana yake papo hapo. Maneno yaliyomo katika maandishi ya Kiswahili ni maneno yaliyokwisha kuambishwa. Kwa hiyo huduma hii hukwama mahali pale pale ilipokusudiwa kufaa.

Njia ya kutafuta kipande chochote cha neno haiponyi ugonjwa huu. Njia hiyo huleta vidahizo vyenye kipande kilichoandikwa ndani yake, ilhali katika Kiswahili kidahizo ndicho kilichofichwa ndani ya neno lililoandikwa. Anayeweza kuandika *shik-* ili apate *shika*, *shikana* na *shikilia* amekwisha kufanya uchambuzi wenyewe. Kilichobaki kwa mashine ni kazi ya karani.

Kimvita kuhesabiwa kuwa kosa

Liko jambo zito zaidi. Kamusi ya J. L. Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilitokana kwa sehemu kubwa na maneno aliyoyakusanya Mombasa na Rabai. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikauendeleza uamuzi huo. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 zilitungwa chini ya uamuzi huo, na faili za kompyuta zimeurithi.

Sasa tuseme kijana wa Shika Adabu anaandika *ndia*, kama inavyosemwa kwa Kimvita. Programu isiyo na kanuni ya ziada itampa *ndimu* na *ndizi* anapofikia *ndi-*, kisha itakosa jibu. Programu yenye kanuni ya kusamehe herufi moja itampata *njia*, kwa kuwa *d* na *j* ni tofauti ya herufi moja. Hapo jibu limepatikana, lakini limepatikana kwa jina la makosa ya tahajia: lahaja ya mji imehesabiwa sawa na kuteleza kwa kidole. Isitoshe, kanuni hiyo haina uthabiti. *Ndaa* itafikishwa kwenye *njaa*, lakini *mtele* hautafikishwa kwenye *mchele*, wala *nti* kwenye *nchi*, kwa sababu *t* na *ch* huhitaji mabadiliko mawili ya herufi. *Mato*, yaani macho, itaelekezwa kwenye *moto* na *mate*.

Mfano mbaya kupita yote ni *teka*, ambalo kwa Kimvita ni kucheka. Hapa programu haitakosa jibu. Itatoa habari za kuteka maji na kuteka nyara, bila ishara yoyote kwamba neno lililoulizwa huenda ni jingine. Kunyamaza humfanya msomaji atafute kwingine. Jibu la namna hii humfunga.

Na kasoro hii haikulazimika. Uhusiano wa *ch* ya Kiunguja na *t* ya Kimvita katika maneno haya, na wa *nj* na *nd*, ni wa kanuni zinazojulikana na wanaisimu kwa miaka mingi. Kanuni mbili tu, zikiandikwa kama kanuni za lahaja na kuonyeshwa hivyo kwenye dirisha, zingefanya kazi ambayo kuhesabu herufi hakuwezi. Pale kanuni inapoleta maneno mawili, kama katika *teka*, yote mawili yangeonyeshwa, kila moja na lahaja yake.

Dawa iliyopo

Wala haiwezi kusemwa kwamba uchambuzi wa maumbo ya Kiswahili ni mgumu mno kwa kompyuta. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza kazi hiyo mwaka 1985, akitumia nadharia ya ngazi mbili iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, na kichanganuzi chake hulirudisha neno lililoambishwa kwenye mzizi wake. Pengo liko baina ya utafiti huo na programu za kawaida. GoldenDict hutegemea faili za Hunspell, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya Kihungaria, ambacho kwa kawaida hupangua viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja. *Hawatamshikisha* ina viambishi awali vinne. Inawezekana kuiandika kila mifuatano ya viambishi kana kwamba ni kiambishi kimoja, lakini hiyo ni kuikunja sarufi ili iingie katika chombo.

Hitimisho

Programu hizi zimeipa kazi ya kamusi wepesi ambao hautakataliwa. Lakini mhakiki wa kamusi hawezi tena kuishia kwenye vidahizo na fasili. Hana budi kuihakiki na njia inayomfikisha msomaji kwenye fasili hizo. Idara za lugha zina wajibu wa aina mbili: kuandaa kanuni za viambishi na za lahaja katika sura ambayo watengenezaji wa programu wanaweza kuitumia, na kuwaomba wenye haki za kamusi kubwa za Kiswahili waruhusu faili zake zitumike. Kamusi huria ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa na Beata Wójtowicz wa Chuo Kikuu cha Warsaw, chini ya mradi wa FreeDict, inaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, ingawa kamusi yenyewe ni ndogo. Hadi hapo, programu zitaendelea kuijua *shika* na kutoijua *walioshika*, na mtu wa Mombasa atakayeuliza *mtele* ataambiwa kwamba neno hilo halipo.