Aksanti kwa Wasafishaji wa Ruzizi

Mvua ikinyesha Bukavu, taka za Kadutu na Ibanda zinateremka na mifereji hadi Ziwa Kivu. Maji yanazisukuma polepole mpaka ziwa linapotoa mto Ruzizi, kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa wakati wa Wabelgiji. Hapo wandugu wasafishaji wanazisubiri. Kutoka mtumbwini wanaopoa chupa, mifuko, makopo, kiatu kimoja kimoja. Wapiga mbizi wanashuka kuzibua chini, gizani, penye harufu kali. Wasiposhuka, plastiki inaziba njia ya maji, mashine zinasimama, na jiji linalala bila umeme. Aksanti sana, wandugu. Nasi wa milimani tuache kutupa chupa mferejini, tuwapunguzie mzigo.