Kitabu Kinachoijua Benzi Yako

Mercedes-Benz W123 ilizinduliwa Januari 1976, na hadi ilipoachwa kuundwa katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimetoka kiwandani kama milioni 2.7. Kwetu zilibeba mawaziri, mabalozi na matajiri. Leo hata mwalimu anaweza kuinunua. Shida ni kwamba bei ya gari imezeeka, lakini bei ya spea na ya fundi anayeijua vizuri haijazeeka. Ndiyo maana mwenye W123, au mdogo wake W124, hufika siku akaapa kuifungua mwenyewe. Hununua seti ya spana, halafu hutafuta kitabu cha matengenezo.

Spana mbovu hujulikana siku ya kwanza: inateleza, unachunika vidole, unaitupa. Kitabu kibovu hukaa nawe kwa adabu. Picha zake safi, majedwali yake yamepangwa, na utakiamini mpaka siku bolti itakapokatikia ndani ya hedi. Hapo ndipo utajua kwamba muda wote kilikuwa kinazungumzia gari jingine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitabu kizuri cha gari kimeandikwa na mtu aliyekilalia kitanda. Kazi ya mnunuzi ni kutafuta alama za kuumwa.

Tarakimu sita kabla ya jalada

Usianze na jina lililobandikwa kwenye buti. Kuna W123 mbili ziitwazo 200, zote za petroli. Ya kwanza ina injini ya M115. Kuanzia 1980 ikawekwa M102, injini mpya kabisa. Tofauti utaisoma kwenye namba ya chesisi: penye tarakimu 123020 ni M115, penye 123220 ni M102. Ukikuta 123123 hiyo ni 240D, na 123130 ni 300D. Ziandike kwenye karatasi kabla ya kwenda kutafuta kitabu.

Kitabu makini hutaja katika kurasa za mwanzo injini zinazohusika kwa namba zake, pamoja na miaka, na husema waziwazi zisizohusika. Kitabu cha mchapishaji Haynes cha W123 za dizeli, kwa mfano, ni cha 200, 240 na 300 za dizeli. Mwenye 200 ya petroli akikibeba kwa kuvutwa na hiyo 200, atapata sura nzuri ya breki na sura ndefu ya injini asiyokuwa nayo.

Kwa W124 mtego uko kwenye miaka. 300E ya 1986 ina M103 yenye valvu 12. E320 ya 1994 ina M104 yenye valvu 24. Bodi zinafanana, lakini kitabu kilichochapishwa 1990 hakiwezi kuijua hiyo ya pili.

Angalia na upande wa usukani. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Marekani vina usukani wa kushoto, vifaa vya kupunguza moshi vilivyotakiwa na sheria za huko, na 300D yenye turbo, ambayo si sawa na 300D isiyo na turbo. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atasumbuka kidogo zaidi na toleo la Uingereza. Wa Bujumbura au Lubumbashi ahesabu kinyume chake, kama gari lake lenyewe ni la usukani wa kushoto.

Nani aliandika?

Vitabu hivi vina waandishi wa aina tatu, na kila mmoja ana ugonjwa wake.

Wa kwanza ni kiwanda chenyewe. Vipimo vyake ndivyo mama wa vipimo vyote. Mercedes hupanga kazi kwa makundi yenye namba: 05 ni valvu na taiming, 42 ni breki, 54 ni umeme, na ukizizoea unafika ukurasa unaoutaka kwa haraka. Lakini kiwanda kilimwandikia fundi aliyekwisha kufundishwa, mwenye kabati la zana maalumu nyuma yake. Kitakwambia utumie kifaa chenye namba ndefu, bila kukueleza kinafananaje wala ufanye nini usipokuwa nacho.

Wa pili ni aliyelifungua gari kwa mikono yake akiwa na kamera. Huyu baba yake ni John Haynes. Mwaka 1965, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza huko Aden, alimsaidia rafiki yake kuifufua Austin-Healey Sprite, akipiga picha hatua kwa hatua. Mwaka 1966 kikatoka kitabu cha kwanza cha matengenezo chenye jina lake. Uzuri wa aina hii ni kwamba mikono iliyo pichani imechafuka kweli, na kila kazi hupewa alama za spana, moja hadi tano, kuonyesha ugumu wake. Udhaifu wake ni pale kinapochoka: kinakueleza kufungua kwa kurasa nne, kisha kurudisha kwa mstari mmoja unaokuambia urudi ulikotoka. Kwenye kufunga ndiko watu wengi huharibu.

Wa tatu ni mkusanyaji, anayeweka magari ya miaka mingi na aina nyingi ndani ya jalada moja nene. Kitabu chake huuzika kwa uzito. Chafaa kwa kubadili oili, filta na plagi, kazi ambazo ungeziweza hata bila kitabu.

Jaribio la kazi unayoijua

Usikipime kitabu kwa kazi usiyoijua, maana usichokijua kila mtu anaweza kukudanganya. Fungua ukurasa wa kazi ambayo umeifanya, au umemwona fundi mzuri akiifanya, usome kwa makini.

Mimi hufungua kurekebisha valvu za dizeli ya 300D isiyo na turbo. Nataka kwanza kuambiwa kwamba injini iwe baridi. Kisha nipewe nafasi mbili: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.30 kwa za kutolea moshi, na nionywe kwamba yenye turbo ina kipimo chake. Hayo hata mkusanyaji anayo. Mwandishi aliyeumwa na kunguni huongeza zaidi: kwamba injini izungushwe kwa bolti ya krenki kufuata mwelekeo wake na isirudishwe nyuma, kwamba silinda tano huwaka kwa mpangilio wa 1-2-4-5-3, na kwamba utahitaji spana za namba 14 zilizo nyembamba, moja ikishika na nyingine ikizungusha. Huwezi kuambiwa habari ya wembamba wa spana na mtu ambaye yake haijawahi kukataa kuingia.

Swali langu la pili ni la upepo. Dizeli ya W123 huzimwa kwa mvuto wa vakyumu, si kwa umeme, na vakyumu hiyohiyo ndiyo hufunga milango. Mpira mwembamba ukipasuka, unaweza kutoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Kitabu kinachotaja kasoro hii, chenye mchoro wa mipira kwa rangi zake, kinaijua Benzi. Kisicho na mchoro wa vakyumu kirudishe rafuni.

Waya wa kahawia

Sura ya umeme ndiyo hutenganisha vitabu. Mafundi wengi wamezoea kwamba waya mweusi ni ethi. Kwenye Benzi ethi ni ya kahawia, na mweusi mara nyingi hubeba moto wa swichi. Mazoea ya gereji yamechoma fyuzi nyingi hapo, na siku mbaya huchoma waya mzima.

Michoro ya Kijerumani hutumia vifupisho vya rangi: br ni kahawia, sw ni nyeusi, rt ni nyekundu, ge ni njano. Hutumia pia namba za vituo: 30 ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni moto unaopita swichi, 31 ni ethi, 50 huenda kwenye stata. Kitabu kizuri hueleza haya kwenye ukurasa wake, kabla ya mchoro wa kwanza. Kisha soma mchoro wenyewe: kama mistari imebanana hata huwezi kuufuata mmoja kwa ncha ya kalamu kutoka fyuzi hadi taa, mbele ya gari hutaweza kabisa.

Namba bila kipimo

Bolti za magurudumu za W124 hukazwa kwa niuton-mita 110. Hiyo ni sawa na futi-pauni 81, au kilogramu-mita 11 hivi. Sasa mpe mtu kitabu kilichoandika 110 bila kusema ya nini, na spana ya kupimia yenye alama za futi-pauni. Atakaza zaidi ya theluthi moja kuliko inavyotakiwa, huku akidhani amefuata kitabu. Kwenye gurudumu pengine atasamehewa. Kwenye hedi ya aluminiamu hasamehewi. Chagua kitabu chenye vipimo viwili kando kwa kando, kilichovikusanya mwanzoni mwa kila sura na kuvirudia ndani ya hatua zenyewe.

Kinajua kusema acha?

Springi za mbele za W123 na W124 zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Kazi hiyo inataka kibanio maalumu kinachoingia ndani ya springi, si zile kulabu mbili za nje zinazouzwa kila duka. Kitabu kinachokuacha uendelee na kulabu ni hatari, hata kama karatasi yake inang'aa. Kinachokuambia uipeleke gereji yenye kifaa kimekulinda, hivyo usikione kinakudharau.

Pima na ushauri wake kuhusu maji ya rejeta. Wengi husema kwetu hakuna barafu, wakajaza ya bomba. Mwandishi mzuri hueleza kwamba kulanti huzuia pia kutu, na kwamba hedi ya aluminiamu, kama ya M102 na M103, huliwa polepole na maji matupu.

Hata kitabu bora kina upofu mmoja: kiliandikwa gari likiwa kijana. M104 nyingi za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 zina waya wa injini ambao ganda lake hukauka na kupukutika kwa joto. Mwandishi wa wakati ule hakuweza kuliona hilo. Kwa hiyo kwa mambo ya uzee, kaa na fundi mzee. Kwa vipimo, kaa na kitabu.

Nakala iliyotumika

Vitabu hivi vingi utavipata kwa wauza vitabu vya mitumba, na madoa ya oili yasikutishe. Ukurasa wa breki wenye alama za vidole ni ushahidi kwamba kitabu kilifanya kazi. Hesabu kurasa za mwisho, kwani michoro ya umeme ndiyo huchanwa kwanza ikabandikwa ukutani kwenye gereji ya mtu. Kivuli cha fotokopi kinafaa kwa maandishi, lakini picha zake hugeuka wingu jeusi na rangi za waya hupotea. Faili za kwenye simu ni nzuri kwa kutafuta, ila kioo na mikono yenye grisi havipatani. Chapisha kurasa za kazi ya siku hiyo uzitundike mbele yako.

Uamuzi wangu ni huu: nunua kitabu cha aliyelifungua gari, kinacholingana na tarakimu zako sita, kiwe ndicho unachokifungua kila Jumamosi. Tafuta kurasa za kiwanda kwa ajili ya vipimo na michoro ya umeme tu. Kile kinene cha magari yote mwachie muuzaji. Ukishindwa kupata hata kimoja kinacholingana, fedha hizo mlipe fundi anayeijua Benzi, usimame pembeni yake, na uandike.