Ncha ya Kamba

Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha jamii hapa Kayanga ninapojitolea, watoto huingia kama ndama waliofunguliwa zizini. Mmoja amepanda benchi, wawili wanagombania ndoo, mwingine anaupiga mlango kama ngoma. Bibi, mzee anayekaa nao, haiti mtu. Anakaa kwenye jamvi, ananyoosha miguu, anachukua gamba kavu la mgomba, analichana kwa ukucha wa dole gumba, kisha anaanza kusokota kamba pajani. Kamba haijafika shubiri mbili, watoto watatu wameshachuchumaa mbele yake.

Kuwatuliza watoto ni ufundi kama ufinyanzi ulivyo ufundi.

Nimemtazama kwa miezi mingi, na jambo moja bado linanishika moyo. Majani makavu yakishashindiliwa kuwa tonge la mpira, kamba huzungushwa kwa kupishana, na lazima mtu aishike ncha yake ikiwa imekazwa. Akilegeza, kazi yote inafumuka. Bibi hampi ncha hiyo mtoto mpole. Humpa yule aliyemrushia mwenzake jiwe dakika tano zilizopita. Anamwita kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, kama anayeomba msaada wa mtu mzima: shika, usiache. Na mtoto yule, ambaye mama yake husema hakai hata akilala, anasimama wima, ulimi nje kidogo, macho hayabanduki kwenye kamba. Wenzake wanamtegemea. Nadhani kwa wengine ndiyo mara ya kwanza kutegemewa. Mpira ukiisha, yeye ndiye anayeupiga teke la kwanza, na hakuna anayebisha.

Tukiisifu Karagwe ya zamani, tunamtaja mfalme Rumanyika na ikulu yake ya Bweranyange, tunamtaja msafiri Mwingereza Speke aliyepokelewa huko mwaka 1861, tunawataja wahunzi. Sijasoma popote ni nani aliyewatuliza watoto wakati wakubwa wakizungumza na mgeni. Lazima alikuwepo, na mkono wake haukuacha chuma cha kuwekwa makumbusho.

Sasa tuna njia za mkato. Mtoto akilia, anapewa simu. Akicheka sana, anatishiwa fimbo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabia mapumziko kuwa haki yake, pamoja na chakula, elimu na malazi, lakini sheria haisokoti kamba. Kuanzia Bugene hadi Nkwenda na Murongo, huko Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, migomba imejaa, magamba yake yananing'inia bure, na mipira ya dukani inapasuka kwenye miiba ndani ya wiki moja. Wazazi wanaofika kituoni huniuliza tunafundisha nini. Nikiwaonyesha Bibi na jamvi lake, wengi hutazama saa.

Wakati wa kukamata senene hakuna mtoto anayekuja, na Bibi hafadhaiki. Anasema hata senene ni darasa. Mavuno ya kahawa nayo huwapunguza, wakubwa wanabaki shambani. Lakini msimu huu wa mvua aliyepungua ni yeye. Vidole vyake vimevimba viungoni, na Jumamosi mbili mfululizo hakufika.

Jumamosi ya pili watoto walilitandika jamvi wenyewe, wakakaa, wakaningoja. Nilichukua gamba, nikalichana, nikasokota pajani kama nilivyomwona akifanya. Yule mtundu alikuja bila kuitwa, akashika ncha, akaikaza. Kamba yangu ilifumuka katikati. Nikaanza upya, ikafumuka tena. Aliendelea kuishika muda mrefu sana, akinitazama usoni, mpaka wenzake walipokwisha kutoka nje mmoja mmoja. Kisha akaiweka chini taratibu, akaniuliza Bibi anakaa nyumba gani.