Vita Bila Adui

Mwaka 1923 Mjerumani Käthe Kollwitz alitoa picha saba za vita, alizozichonga kwenye ubao na kuzichapa kwa wino mweusi. Anayezitazama mara ya kwanza hushangaa: hamna bunduki, hamna uwanja wa mapigano, hamna adui.

Hata hivyo picha hizi husimulia kisa kwa mpangilio. Katika ya kwanza mama aliye uchi anamtoa sadaka mtoto wake mchanga. Katika ya pili vijana wanamfuata Mauti, mpiga ngoma. Halafu wanakuja wazazi waliopiga magoti na kukumbatiana; halafu wajane; halafu akina mama walioshikana wakawa kama ukuta, watoto wakichungulia katikati yao.

Wengi husifu picha hiyo ya akina mama. Mimi naona uzito wote umo katika ile ya kwanza. Mwaka 1914 Peter, mwana wa mchoraji, alitaka kujiunga na jeshi akiwa na miaka 18, na ilibidi apate ruhusa ya baba. Baba, daktari wa maskini mjini Berlin, alikataa. Mama ndiye aliyemwombea kijana mpaka baba akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa Ubelgiji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Lakini hapa mzazi anayelia ndiye pia aliyetoa. Picha nyingi za mateso hutufanya tumhurumie mtu wa mbali, kisha tukalala usingizi mzuri. Kollwitz hatupi nafasi hiyo. Kabla ya kutuonyesha machozi, anatuonyesha mikono iliyotoa.

Yuko atakayeuliza: mbona hakumchora mfalme wala jemadari? Je, si kuwasamehe wenye hatia? Swali hilo ni la haki, na picha hizi hazilijibu lote. Ila kama angemchora adui, mama wa Kijerumani angechukia na mama wa Kibelgiji angechukia, kila mmoja upande wake. Bila adui, wote wawili wanaweza kujiona katika ubao mmoja.

Mwaka 1942 mjukuu wake, naye akiitwa Peter, aliuawa katika vita vingine. Picha hazikuzuia kitu. Zimetuachia swali tu, na kila ngoma ya vita inapolia tujiulize: ruhusa imetoka kwa nani?